Wakili anapotishwa: polisi, chama, mtandao au kuondoka?

Tarehe 23 Juni 2016, wakili Willie Kimani alitoka katika mahakama ya Mavoko, nje kidogo ya Nairobi, akiwa na mteja wake Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda, na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Walifungiwa katika kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau, ambako karatasi ya shashi iliyoandikwa maneno ya kuomba msaada ilitupwa nje ikaokotwa na mpita njia, na wiki moja baadaye miili yao ikaopolewa mtoni huko Ol Donyo Sabuk. Julai 2022, miaka 6 baada ya mauaji hayo, Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi pamoja na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao, na adhabu zikatangazwa Februari 2023.

Anayeisoma kesi hiyo kwa nia ya kujifunza kujilinda hukutana na jambo moja gumu. Mwenda alikuwa amefanya yale yote ambayo raia hushauriwa kuyafanya: alipopigwa risasi na askari mwaka 2015 alipeleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi nchini Kenya, na alipobambikiziwa kesi akapata wakili wa kumtetea. Lalamiko lenyewe ndilo lililomweka hatarini, kwa sababu lilitishia ajira ya aliyempiga risasi, na hatari hiyo ikamwangukia pia wakili aliyelibeba na dereva aliyewabeba wote wawili. Makala haya yanalinganisha njia nne ambazo wakili wa haki za binadamu wa Kenya au Tanzania anaweza kuzishika anapotishwa, ili aamue aanze na ipi, aiongezee ipi, na ipi haimfai kwa hali yake.

Kabla ya kuchagua: ni kitu gani kinachotishwa?

Vitisho dhidi ya mawakili katika ukanda huu huja kwa sura tatu, na njia inayofaa kwa sura moja huweza kuwa bure kabisa kwa nyingine. Sura ya kwanza ni mwili na mali: Agosti 2017 ofisi za mawakili wa IMMMA jijini Dar es Salaam zililipuliwa usiku, na siku 12 baada ya hapo Tundu Lissu, aliyekuwa mbunge na wakati huo huo rais wa Chama cha Mawakili wa Tanganyika, TLS, akamiminiwa risasi nje ya makazi yake Dodoma. Sura ya pili ni leseni: Fatma Karume, aliyemfuatia Lissu katika urais wa TLS, alisimamishwa uwakili Septemba 2019 kutokana na hoja alizoziwasilisha kwa maandishi katika shauri la kupinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu, kisha mwaka mmoja baadaye Kamati ya Mawakili ikamfuta katika orodha ya mawakili wa Tanzania Bara, mpaka Mahakama Kuu ilipomrejesha mwaka 2021. Sura ya tatu ni kesi ya jinai inayotengenezwa ili kumfunga mtu mikono. Tito Magoti, mwanasheria wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, alikamatwa Desemba 2019 akafunguliwa mashtaka ya uhujumu uchumi, yakiwamo ya utakatishaji fedha ambayo kwa sheria ya Tanzania hayana dhamana, akakaa mahabusu zaidi ya mwaka mmoja.

Zipo kesi ambamo sura hizo huchanganyika. Januari 2025 wakili Eron Kiiza wa Uganda, mmoja wa mawakili wa mwanasiasa wa upinzani Kizza Besigye, alikamatwa kwa nguvu ndani ya mahakama ya kijeshi ya Makindye, na mahakama hiyo hiyo ikamhukumu kifungo cha miezi 9 kwa kosa la kuidharau. Katika hali kama hiyo anayetisha na anayehukumu ni yule yule, hivyo ushauri wa kwamba wakili apeleke malalamiko mahali husika hauna mahali pa kushika.

Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu Nafasi ya Mawakili, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zina maelekezo ya wazi. Kanuni ya 17 inazitaka mamlaka zimlinde wakili ambaye usalama wake umetishiwa kwa sababu ya kazi yake, na ya 18 inakataza wakili kuchukuliwa kuwa kitu kimoja na mteja wake au na jambo analolipigania mteja. Nionavyo, hiyo ya 18 ndiyo inayovunjwa mara nyingi zaidi, na huvunjwa kwa maneno mepesi ya mtaani kama vile “wakili wa magaidi” au “wakili wa wauza unga”, muda mrefu kabla mtu hajashika silaha. Wakili anayeanza kusikia jina lake likitajwa hivyo kwenye vikao au redioni asingoje simu ya kutishiwa ndipo aanze kuweka kumbukumbu.

Kigezo cha mwisho husahauliwa hata na wanaotoa misaada. Mwandishi wa habari akihamia mji mwingine anaweza kuendelea kuandika, na mwanaharakati anaweza kuendesha kampeni akiwa chumbani. Wakili ana shauri lililopangwa Alhamisi saa tatu asubuhi, mteja yuko mahabusu, muda wa kukata rufaa unahesabika, na jalada lipo kwenye kabati la ofisi ambayo huenda haiko salama tena. Kwa hiyo kila njia ipimwe kwa maswali mawili kwa pamoja: inamlinda nani, na Alhamisi nani atasimama mbele ya hakimu?

Polisi na taasisi za dola

Kuripoti polisi ni njia isiyo na gharama na inayopatikana kila wilaya, lakini thamani yake kubwa kwa wakili ni kumbukumbu kuliko ulinzi. Ukifika kaunta, askari wa zamu hufungua kitabu na kuandika kwa maneno yake mwenyewe, na mara nyingi simu iliyosema “tunajua mtoto wako anasoma wapi” huishia kuandikwa kuwa ni lugha ya matusi. Wakili aende na maelezo yake aliyoyaandika mapema katika nakala mbili, yakitaja tarehe, saa, namba iliyopiga, maneno kama yalivyotamkwa na namba ya shauri linalohusika. Nakala moja aiache, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa. Namba ya ripoti katika kitabu cha polisi, inayoitwa OB kwa Mkenya na RB kwa Mtanzania, itahitajika kila atakakokwenda baadaye, iwe ni mahakamani kuomba aliyekamatwa afikishwe mbele ya jaji, iwe ni kwenye mfuko wa dharura.

Pale anayetisha anapokuwa ni polisi, nchi hizi mbili zinatofautiana sana. Mkenya ana IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, yenye mamlaka ya kuchunguza na kupendekeza mashtaka. Mtanzania ana Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo huweza kuchunguza ila kazi yake mara nyingi huishia kwenye mapendekezo. Hata hivyo, yaliyompata Mwenda yanaonyesha kwamba kulalamika kwa chombo huru bila kubadilisha mahali unapolala, njia unayopita na gari unalopanda ni kumpa mtuhumiwa taarifa mapema. Anayekwenda IPOA akitokea nyumbani kwake, na kurudi nyumbani kwake, ameshika nusu ya njia.

Kuhusu mipango ya ulinzi wa mashahidi, inayosimamiwa Kenya na wakala maalumu na ambayo Tanzania imeitungia sheria ya mwaka 2015, wakili asiitegemee sana. Iliwekwa kwa ajili ya shahidi, na masharti yake ya kujificha na kukata mawasiliano hayaendani na mtu ambaye riziki yake ni kusimama hadharani na kutaja jina lake.

Chama cha mawakili na mtandao wa watetezi

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo kwa walio wengi, na ndipo makosa hutokea, kwa kuwa watu hudhani vyombo hivi viwili hufanya kazi moja.

Chama, yaani LSK kwa Kenya, TLS kwa Tanzania Bara na ZLS kwa Zanzibar, kina nguvu ambayo hakuna asasi nyingine inayo: kinaweza kuzisimamisha mahakama. Baada ya mauaji ya Kimani, LSK iliwaita wanachama wake wasusie mahakama kwa wiki nzima na wakaandamana Nairobi. Baada ya mlipuko wa IMMMA, TLS ikatangaza mgomo wa siku mbili. Chama pia kinajua mlango wa Jaji Mkuu na wa Mwendesha Mashtaka, kinaweza kujiunga katika shauri la mwanachama, na kinaweza kupeleka mawakili 20 kituoni usiku ule ule mwenzao alipokamatwa. Kwa tishio la leseni na la kukamatwa, hakuna pa kuanzia palipo bora. Mahakama inayomsimamisha wakili mmoja kwa sababu ya hoja zake inawagusa wote wanaoandika hoja, na wote hao wako katika daftari moja la wanachama.

Udhaifu wa chama ni wa aina tatu. Kwanza, hakina walinzi wala nyumba za kujificha, na yaliyompata Lissu yanatosha kuonyesha kwamba hata kiti cha rais wa chama hakizuii risasi. Miaka mingi baada ya tukio hilo, waliofyatua bado huitwa “watu wasiojulikana”. Pili, kasi yake hutegemea ni nani aliyechaguliwa mwaka huo: uongozi mmoja hutoa tamko ndani ya saa mbili, mwingine huitisha kikao. Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, chama ni cha mawakili. Karani anayepeleka nyaraka masijala, msaidizi wa kisheria wa kijijini aliyekusanya ushahidi na dereva anayemngoja wakili nje ya lango hawamo katika daftari lake. Joseph Muiruri hakuwa mwanachama wa chama chochote cha sheria.

Mtandao wa watetezi hauulizi cheti. Tanzania ipo THRDC, iliyoanza mwaka 2012, Kenya upo muungano wa watetezi unaojulikana kama Defenders Coalition, wa tangu mwaka 2007, na kwa ukanda mzima ipo DefendDefenders yenye makao Kampala, iliyoanzishwa mwaka 2005. Kwao mtetezi hutambuliwa kwa kazi anayoifanya, hivyo karani na dereva wanaweza kusaidiwa pamoja na wakili. Msaada wenyewe ni wa vitendo: tathmini ya hatari ya nyumba na ofisi, kamera na kufuli, matibabu, ushauri wa kisaikolojia, gharama za wakili wa kumtetea wakili, na kuhamishwa kwa muda. Tena hufanywa kimya, jambo ambalo chama chenye wanachama maelfu na vikao vya hadhara hakiliwezi kila mara.

Gharama ya mtandao ni muda na karatasi. Kabla ya kutoa fedha huhakiki: huomba namba ya ripoti ya polisi, picha za ujumbe wa vitisho, na majina ya watu wanaoifahamu kazi yako na wanaoweza kuthibitisha unayoyasema, na uhakiki huo huweza kuchukua siku kadhaa. Anayetishwa huuona kama usumbufu au dharau, ingawa ndio unaozuia mfuko mdogo usimalizwe na wasiohitaji. Ipo pia hatari ya kuegemea nguzo moja. Agosti 2020 akaunti za benki za THRDC zilizuiwa na ikalazimika kusimamisha shughuli zake, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, kipindi ambacho mahitaji huwa makubwa. Mwenye busara hujitambulisha kwa zaidi ya mtandao mmoja, na hufanya hivyo wakati wa utulivu, ili siku ya shida jina lake lisiwe geni.

Kuondoka

Kuhama ndiyo njia pekee inayoondoa mwili kwenye hatari mara moja, na ndiyo inayoharibu kazi ya wakili kuliko zote. Kuhamia mji mwingine wa nchi yako kwa wiki tatu kunakuruhusu kuendelea kupokea simu za wateja na hata kuhudhuria mashauri yanayosikilizwa kwa njia ya mtandao. Kunakufaa pale anayetisha ni mtu wa eneo fulani, kama vile mwenye ardhi inayogombewa au askari wa kituo fulani. Anayetisha akiwa na mkono unaofika nchi nzima, mji mwingine ni chumba kingine katika nyumba ile ile.

Kuvuka mpaka kwenda nchi jirani lilikuwa jibu la kawaida kwa miaka mingi, na Nairobi na Kampala zimewapokea wengi. Hali imebadilika. Novemba 2024 Kizza Besigye alitekwa Nairobi na kuibukia katika mahakama ya kijeshi Kampala. Mei 2025 wakili Martha Karua alizuiwa kuingia Tanzania alikokwenda kufuatilia kesi ya uhaini ya Lissu na akarudishwa Kenya, na siku chache baadaye Agather Atuhaire, mwanasheria na mwandishi wa habari wa Uganda, akatelekezwa mpakani baada ya kushikiliwa Dar es Salaam. Kwa wakili ambaye kesi yake inagusa serikali inayoelewana na jirani zake, ni afadhali kufikiria mbali zaidi. Upo mpango wa Ubuntu Hub Cities wa AfricanDefenders, unaowahamishia watetezi katika miji mingine ya bara hili hili, na ipo mipango ya Ulaya, ambayo huwa mirefu na yenye foleni ya viza.

Umbali una bei yake. Leseni ya uwakili haivuki mpaka pamoja na mwenye nayo. Aliyekuwa akisimama mbele ya majaji anajikuta hana kazi ya jina lake, na wateja aliowaacha hutafuta mwingine au hukata tamaa. Familia nayo ina watoto wenye mitihani. Kwa sababu hizo, kuondoka kwa muda mfupi uliopangwa, wenye tarehe ya kurudi, huvumilika zaidi kuliko kuondoka kwa ghafla bila tarehe.

Sauti za nje

Wakili anaweza pia kuwaandikia wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa, yule anayehusika na uhuru wa majaji na mawakili na yule wa watetezi wa haki za binadamu, au mwenzao wa Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Hakuna ada, na si lazima kwanza umalize njia za ndani ya nchi. Wao huiandikia serikali barua, na barua hizo baadaye huchapishwa. Mtu akiwa tayari amekamatwa, barua ya namna hiyo huifanya serikali ijue kwamba kuna wanaohesabu siku: wakili Nicholas Opiyo wa Uganda, aliyekamatwa tarehe 22 Desemba 2020 kwa tuhuma za utakatishaji fedha, alipata dhamana ndani ya siku 8 huku kelele za nje zikiwa kubwa, na mashtaka yakafutwa mwaka uliofuata. Lakini kelele humfaa aliyeko kizuizini kuliko aliye mafichoni, ambaye jina lake likitangazwa huanza kutafutwa upya.

Kwa anayetaka shauri la kisheria, Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha inampokea raia moja kwa moja, kwa sharti kali la kufungua shauri ndani ya miezi miwili tangu kitendo kinacholalamikiwa, na wengi hulikosa sharti hilo wakiwa bado wanatafuta matibabu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo katika mji huo huo, imefungwa kwa mashauri mapya ya mtu binafsi kutoka Tanzania tangu nchi hiyo ilipoondoa tamko lake la kuwaruhusu watu binafsi kufungua mashauri huko, uamuzi ulioanza kutumika Novemba 2020. Kenya haikuwahi kuliweka tamko hilo.

Aanze wapi?

Kama tishio linatoka kwa mtu binafsi anayejulikana na bado ni la maneno, polisi na chama vinatosha kuanzia, pamoja na kubadilisha ratiba za safari. Kama ni leseni, aende chama siku hiyo hiyo na mahakamani mara moja, kwa kuwa mtandao hauna la kufanya hapo zaidi ya kulipia gharama. Kama ni kesi ya kubambikizwa, chama kitoe mawakili, mtandao utunze familia, na sauti za nje zipazwe kabla ya wikiendi, maana Ijumaa jioni ndiyo siku ya ukamataji inayopendwa na wasiotaka hakimu apatikane. Lakini kama kuna gari linalomfuata, au mtu aliyefika shuleni kwa mtoto akiuliza, wakili aondoke kwanza na kuripoti baadaye; ripoti inaweza kupelekwa na wakili mwenzake, akiwa na barua ya kumruhusu.

Njia zote nne huenda haraka zaidi kwa aliyejitayarisha. Majalada ya mashauri nyeti yawe na nakala iliyofungwa kwa nywila mahali pengine, mteja awe ameridhia kwa maandishi wakili mwingine amsimamie pale wa kwanza asipoonekana, na mwenzake huyo awe amekwisha kulisoma jalada kabla ya dharura. Majina ya watakaopigiwa simu yaandikwe pia kwenye karatasi na kuachwa kwa karani, kwa sababu simu ya wakili ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa na wanaomkamata.